Maandalizi ya muhula wa kwanza chuo kikuu (Tanzania)

Maandalizi ya muhula wa kwanza chuo kikuu ni hatua anazopitia mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita au stashahada nchini Tanzania, tangu kuomba udahili hadi wiki za mwanzo za masomo ya shahada. Hatua hizo ni pamoja na kukamilisha vyeti, kuomba mkopo, kutafuta malazi, kusafiri na kujisajili.

Vyuo vikuu vingi hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Oktoba au mwezi Novemba. Hata hivyo mengi yanayoamua kama mwanafunzi ataanza vizuri hutendeka kati ya Mei na Septemba, akiwa bado nyumbani au katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wengi wanaokwama mwanzoni hawakwami kwa sababu ya masomo. Hukwamishwa na jina lililoandikwa tofauti katika vyeti viwili, au na siku zinazopita kati ya kufika chuoni na kupata fedha.

Historia

Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 mjini Dar es Salaam kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Wakati huo wanafunzi walikuwa wachache na serikali ililipa ada, chakula, malazi na vitabu. Aliyechaguliwa hakuhitaji kutafuta fedha. Alihitaji nauli na nguo.

Kilichowasumbua wanafunzi wa enzi hizo kilikuwa wajibu wao kwa taifa. Oktoba 1966 waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na JKT kwa lazima, iliyowataka pia kupokea mshahara uliopunguzwa, na Rais Julius Nyerere akawafukuza takribani 400. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka sharti kwamba mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza sera ya kuchangia gharama, na mzigo ukaanza kuhamia kwa familia. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005. Tangu hapo maandalizi ya kwenda chuoni yamekuwa pia maandalizi ya kuomba mkopo, na kwa kaya nyingi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Kalenda

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Katikati ya hapo wahitimu wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013.

Dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa muda mfupi baada ya matokeo kutoka, nalo hufuatiwa na la pili, na wakati mwingine la tatu. Dirisha la mkopo huenda sambamba na hayo. Kwa hiyo kijana aliye kambini anaweza kujikuta katika wakati ambao kila ujumbe wa simu una maana, huku matumizi ya simu yakiwa yamebanwa. Ndiyo maana wengi hukusanya vyeti na kujaza wanachoweza kabla ya kuripoti, kisha humwachia mzazi, kaka au dada kazi ya kufuatilia.

Vyeti na majina

Nyaraka zinazohitajika karibu kila mahali ni cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na hati ya matokeo au cheti cha kidato cha sita. Kitambulisho cha taifa, au walau namba yake kutoka Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), huhitajika katika shughuli kadhaa, ikiwemo kusajili laini ya simu.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha mwombaji katika mfumo wa udahili na ule wa mkopo. Jina linalofuatwa ni lile lililo katika cheti cha kidato cha nne. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa kuwa mtoto anaweza kuandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu, akapewa cheti cha kuzaliwa chenye jina la ukoo, na kitambulisho cha taifa kikaja na herufi moja iliyokosewa. Tofauti kama Mohamed na Muhammad, au Elizabeth na Elizabeti, hutosha kusimamisha ombi. Tofauti ndogo mara nyingi hushughulikiwa kwa hati ya kiapo inayotolewa mbele ya wakili au hakimu. Kubadili jina kabisa huchukua muda mrefu zaidi na haifai kuachwa hadi Septemba.

Kwa waombaji wa mkopo, cheti cha kuzaliwa hakitoshi kikiwa mkononi tu. Lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa waliozaliwa Tanzania Bara, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi hupeleka pia cheti cha kifo, nacho huhakikiwa. Familia ambayo haikuwahi kuchukua cheti cha kifo cha baba aliyefariki miaka 10 iliyopita hulazimika kuanza safari hiyo upya, na hao ndio mara nyingi wenye uhitaji mkubwa zaidi.

Udahili

Udahili husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kuanzia mwaka 2010 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa tume hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka.

Sifa ya chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yake kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ni sifa ya kuingia mlangoni tu, kwani programu zenye ushindani, kama udaktari, huhitaji zaidi.

Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupaswa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Asipofanya hivyo ndani ya muda uliowekwa anaweza kupoteza nafasi zote. Jambo hili hugusa namna maombi yanavyojazwa. Waombaji wengi hujaziwa fomu katika vibanda vya steshenari, na mwenye kibanda akiandika namba yake ya simu au barua pepe yake kwa haraka, ujumbe wa uthibitisho humfikia yeye. Nywila pia hubaki kwake. Anayejaziwa fomu anapaswa kuondoka na vitu vitatu vilivyoandikwa kwenye karatasi: jina la kuingilia, nywila, na namba ya simu iliyotumika. Laini hiyo isibadilishwe wala kugawiwa hadi masomo yaanze.

Kipindi hiki pia huleta matapeli wanaopiga simu wakidai wanaweza "kumwingiza" mtu chuoni au kumwongezea mkopo. Malipo halali ya ada ya maombi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa kutuma fedha kwenye simu ya mtu binafsi.

Mkopo na fedha za wiki za kwanza

Ombi la mkopo hujazwa mtandaoni, kisha fomu huchapishwa na kupelekwa kwa watu wa kuithibitisha. Hao ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji (au sheha, kwa Zanzibar), na hakimu au wakili. Mdhamini naye hutia saini na kuambatanisha kitambulisho chake. Fomu isiyo na saini au mhuri mmoja huhesabiwa kuwa haijakamilika. Bodi hutoa nafasi ya kurekebisha makosa, lakini kwa siku chache. Wazanzibari wana pia bodi yao ya mikopo, iliyoanzishwa mwaka 2011. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili uitwao Samia Skolashipu kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi.

Mkopo hutolewa kwa mafungu. Lipo la ada ya mafunzo, ambalo hulipwa chuoni moja kwa moja, la vitabu na viandikwa, la mahitaji maalumu ya kitivo, la mafunzo kwa vitendo, na la chakula na malazi. Hili la mwisho ndilo wanafunzi huliita bumu. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kwa shilingi 8,500 kwa siku, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kulipandisha hadi 10,000. Hulipwa kwa awamu, kila awamu ikikadiriwa kwa siku 60 hivi. Hivyo mwenye kiwango kamili cha 10,000 hupokea shilingi 600,000 kwa mkupuo, na si kila mkopaji hupewa kiwango kamili.

Bumu halimsubiri mwanafunzi getini. Majina ya waliopata mkopo hutangazwa kwa makundi, na wengine huenda chuoni bila kujua kama watakuwemo katika kundi la pili au la tatu. Aliyepangiwa naye hana budi kwanza asajiliwe, awe na akaunti ya benki yenye jina linalolingana na vyeti, na athibitishe kupokea fedha kwa kusaini au kwa alama za vidole. Hapo katikati zinaweza kupita siku kadhaa, na wakati mwingine wiki kadhaa.

Gharama, kwa upande wake, huanza siku ya kwanza. Zipo nauli, chakula, kodi ya chumba, na michango ambayo mkopo haulipi. Kati ya hiyo michango kuna bima ya afya kwa asiye nayo, ambayo kwa wanafunzi imekuwa ikitozwa shilingi 50,400 kwa mwaka na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na ada ya uhakiki wa ubora ya TCU ya shilingi 20,000. Huongezwa kitambulisho, umoja wa wanafunzi na mengineyo kulingana na chuo. Maelekezo ya kujiunga huorodhesha yote hayo, na hufaa kusomwa na mzazi na mwanafunzi pamoja, kalamu mkononi.

Kwa sababu hiyo, kiasi kinachofaa kutafutwa nyumbani ni fedha za kuishi mwezi mmoja bila kutegemea mkopo, pamoja na michango ya usajili. Wanaotoka katika kaya za wakulima wana nafuu moja: mavuno ya maeneo mengi huwa yameingia ifikapo Agosti. Kuuza gunia mapema kwa mpango huwa na bei nzuri kuliko kuuza kwa haraka wiki ya safari, ambapo mnunuzi anajua muuzaji hana muda.

Aliyekosa mkopo au kupata kidogo anaweza kukata rufaa katika kipindi kinachotangazwa na bodi. Asiyeweza kabisa kumudu anaweza kuomba kwa maandishi kuahirisha masomo kwa taratibu za chuo chake. Kuahirisha huonekana aibu kwa wengi. Matokeo yake baadhi hukaa chuoni bila kusajiliwa wakitumaini mambo yatakaa sawa, na mitihani inapofika majina yao hayamo kwenye orodha. Aliyeahirisha kwa barua hurudi mwaka unaofuata, ilhali aliyepotea kimya hupoteza nafasi.

Mkopo ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa aliyekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize kulipa.

Malazi

Vyuo vya umma vina mabweni, lakini nafasi ni chache kuliko wanafunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kiliongezewa mwaka 2017 majengo 20 yanayojulikana kama Hosteli za Magufuli, yenye nafasi 3,840, na bado wanafunzi wengi huishi nje ya kampasi. Maombi ya chumba hufanyika mtandaoni kwa muda mfupi. Katika vyuo vingi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa wa kike, na wenye ulemavu hupewa kipaumbele.

Asiyepata hupanga chumba mtaani, kwa lugha ya wanafunzi "gheto". Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hilo hugongana moja kwa moja na kuchelewa kwa bumu. Njia ya kawaida ni wanafunzi wawili au watatu kuchangia. Ni vizuri chumba kikaguliwe kwa macho kabla ya kutuma fedha, na kuulizwa maji hutoka siku ngapi kwa wiki, umeme hulipwa vipi, na usafiri wa jioni ukoje.

Njia nyingine, isiyoruhusiwa lakini ya zamani, ni kubebana: mwenye kitanda bwenini humkaribisha rafiki asiye na chumba, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Wengi wamemaliza shahada zao hivyo. Wakikamatwa, hata hivyo, hatari humwangukia zaidi mwenye kitanda, anayeweza kunyang'anywa chumba.

Vitu vya kubeba

Mwanafunzi aliyesoma shule ya bweni huwa anajua mengi tayari. Shuka, chandarua, ndoo, taulo na kufuli mbili hutosha kwa siku za kwanza. Godoro liulizwe kwanza, kwani baadhi ya mabweni hutoa. Hita na majiko ya umeme hukatazwa katika mabweni mengi na huweza kuchukuliwa na walinzi. Vyombo vingi hupatikana kwa bei ndogo karibu na chuo, mara nyingi kutoka kwa wanaohitimu.

Kompyuta mpakato ni msaada mkubwa lakini si sharti la kuanza. Vyuo vina maabara za kompyuta, na muhula wa kwanza unaweza kupita kwa simu na maktaba. Kisichoweza kukosekana ni bahasha ya vyeti halisi, nakala zake kadhaa, picha ndogo za pasipoti, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari. Bahasha hiyo hubebwa mkononi ndani ya basi, si kwenye buti.

Usajili na wiki ya utambulisho

Wanafunzi wapya huitwa takriban wiki moja kabla ya wengine. Katika wiki hiyo huonyeshwa maktaba, zahanati, ofisi za mshauri wa wanafunzi na mifumo ya kompyuta, na huelezwa kanuni za mitihani. Wengine huikwepa ili kuokoa siku za kula, lakini ndiyo wiki ambayo foleni za usajili huwa fupi na watumishi huwa wamejiandaa kujibu maswali ya wageni.

Usajili una sehemu mbili. Wa kwanza ni wa chuo: vyeti halisi hukaguliwa, malipo huthibitishwa na namba ya usajili hutolewa. Wa pili ni wa kozi, ambapo mwanafunzi huchagua katika mfumo masomo atakayosoma muhula huo. Wapo wanaokamilisha wa kwanza na kusahau wa pili. Huhudhuria vipindi, hufanya majaribio, kisha hugundua mwishoni kwamba alama zao hazina pa kuingizwa. Muda wa usajili kwa kawaida hauzidi wiki mbili za mwanzo.

Masomo

Muhula kwa kawaida huwa na wiki 15 za masomo na wiki mbili hivi za mitihani. Shahada ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Muhula mmoja basi ni saa 600, sawa na saa 35 kwa wiki. Ratiba ya vipindi darasani inaweza kuonyesha saa 15 au 20 tu. Saa zilizobaki si za mapumziko. Ni za maktaba, semina na kazi za vikundi, na hakuna kengele ya kumwita mtu.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, isipokuwa katika kozi za Kiswahili. Vyuo vingi humpa mwanafunzi mpya kozi ya stadi za mawasiliano, inayofundisha kuandika insha ya kitaaluma na kutaja vyanzo. Huchukuliwa na wengi kama kozi ndogo, ingawa kazi zote zinazofuata huitegemea.

Katika vyuo vingi alama 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza linaweza kuja wiki ya tano au ya sita, wakati baadhi ya wanafunzi bado wanahangaika na chumba na benki. Madesa, yaani nakala za maelezo ya miaka iliyopita zinazouzwa karibu na kampasi, husaidia kujua kozi inahusu nini, lakini mhadhiri akibadili mada husomwa kitu kisichoulizwa. Anayefeli somo hufanya mtihani wa marudio, au "sapu" kwa lugha ya wanafunzi. Wastani ukiwa chini ya kiwango cha chuo huondolewa masomoni, jambo wanaloliita "kudisko".

Wanafunzi wanaoendelea

Kwa mwaka wa pili na kuendelea, maandalizi ni mafupi: kuhakiki matokeo, kulipa, kusajili kozi upya na kuomba chumba. Mkopo huendelea kwa aliyefaulu kwenda mwaka unaofuata, na chuo hupeleka matokeo yake kwa bodi. Mwenye sapu huweza kuchelewa kulipwa hadi matokeo ya marudio yatoke, hivyo kwake muhula huanza na pengo la fedha lilelile alilolikuta mwaka wa kwanza.